Katani ya babu haikuwa bangi

Msomaji wetu wa Songea ameandika hivi: "Shikamoo mzee. Marehemu babu, mzaa mama, aliondoka huku Songea akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaenda Tanga 'kulima katani', kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Juzi mwanangu anayesoma sekondari kafungua kamusi, kakuta katani kwa Kiingereza ni 'hemp'. Kaitafuta hemp, kakuta ni bangi. Nyumba nzima tulicheka, mama peke yake hakucheka. Tueleze: katani hiyo ni nini, ilifikaje Tanga, kwa nini watu watoke mbali hivi kwenda kuilima, na kwa nini mashamba yale yamegeuka pori? Wengine wanasema Mwalimu ndiye aliyeyaua. Na katika sanduku la babu tumekuta kadi ngumu yenye vyumba 30. Vyumba 19 vina alama, 11 vitupu. Hatujui ni ya nini."

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama atulie, baba yake hakulima bangi. Alikata mkonge. Lakini kamusi nayo haikusema uongo, na kosa la mjukuu ni kosa zuri, maana limetufikisha mahali ambapo historia yenyewe inaanzia: kwenye kamba.

Katani na kitani ni maneno ndugu, yote yametoka kwa Waarabu, kwenye jina la mmea unaotoa nguo za kitani. Huku kwetu neno likatanuka. Uzi wowote imara wa mmea, wa kushonea gunia au kusokotea kamba, ukaitwa katani. Waingereza nao walikuwa na mchezo huohuo. Bangi ya kamba, yaani ule mmea uliopandwa kwa kubanana ili urefuke bila matawi, ukaloweshwa, ukamenywa ganda na kusokotwa, ndiyo iliyotengeneza kamba za merikebu za Ulaya kwa karne nyingi. Jeshi la majini la Uingereza lilinunua shehena kwa shehena kutoka Urusi. Ni aina ileile moja ya mmea na bangi ya kuvuta, ila mbegu zilichaguliwa kwa ajili ya uzi, si kwa ajili ya kulewesha. Basi kila nyuzi mpya ya kamba ilipotokea sokoni, wafanyabiashara wa London waliibatiza jina la ile ya zamani wakaongeza la bandari au nchi. Uzi wa Ufilipino unaotoka kwenye ndugu wa mgomba ukawa "hemp" ya Manila. Mmea mwingine wenye majani kama panga ukawa wa Mauritius. Na uzi wa Mexico uliosafirishwa kutoka bandari ndogo ya Sisal, katika jimbo la Yucatán, ukawa "hemp" ya Sisal. Mkonge hauna undugu wowote na bangi. Ndugu zake hasa ni zile agave ambazo Wamexico huzitengenezea pombe kali.

Jina mkonge nalo lina kisa chake. Kabla Mjerumani hajafika, watu wa pwani walikuwa na mkonge wao: mmea wa porini, majani manene yamesimama wima, mengine yana madoa. Waliuponda wakapata nyuzi za kamba na mitego. Mmea wa Mexico ulipokuja na majani yake makubwa zaidi, watu walitazama wakaona kazi yake ni ileile, wakaupa jina la mwenyeji. Mgeni akamnyang'anya mwenyeji jina. Leo ukisema mkonge hakuna anayeukumbuka ule wa porini. Baadaye kwa kusema kwa watu wengi mmea ukawa mkonge na mazao yake yakawa katani, ingawa babu yako na wenzake walichanganya tu, na hawakukosea.

Sasa ulifikaje? Bila shaka umesikia kwamba Mjerumani aliiba miche Mexico akaificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, na kila mwaka naisikia na nyongeza mpya. Ukweli ni mkavu zaidi. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, aliyekuwa akiifanyia kazi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari za mmea huu katika chapisho la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Mexico haikutaka kuachia mbegu, maana Yucatán ilikuwa inatajirika kwa uzi huo. Lakini mmea ulikwisha kutoroka zamani: daktari mmoja aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, Henry Perrine, aliupeleka Florida katika miaka ya 1830. Hindorf akaagiza vitoto 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Vingi vilioza njiani. Vilivyoshika ardhi mwaka 1893 katika shamba la Kikogwe, kusini mwa mto Pangani, vilikuwa 60 na ushei tu.

Sitini na ushei. Ila mkonge hauhitaji mbegu. Unapozeeka unatoa mlingoti, mrefu kuliko nyumba, unachanua mara moja katika maisha yake, na baada ya maua vinaota juu yake vitoto kwa mamia, vinaanguka chini vikiwa tayari na mizizi. Chini nako huchipua machipukizi ya pembeni. Kila kitoto ni mama yake mtupu, hakuna damu ya baba ndani. Kufikia mwaka 1898 kulikuwa na mikonge 63,000. Sehemu kubwa ya mikonge aliyoikata babu yako ilikuwa, kwa namna fulani, ileile iliyonusurika melini.

Kumbuka pia ilikuja mahali gani na wakati gani. Pangani ilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu yaliyolimwa na watumwa. Ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Abushiri bin Salim alinyongwa hapo Desemba 1889. Wajerumani walijaribu tumbaku, wakajaribu kahawa katika Usambara ya mashariki, na kahawa ikawavunja moyo. Mkonge ukawa ndio unaostahimili nyika ya Muheza, Korogwe na Mombo bila kulalamika. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka uleule wa 1893 ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na 1912 ikafunguliwa hadi Moshi. Ukisafiri barabara ya Segera hadi Mombo leo utaona mashamba, au magofu yake, yamejipanga pembeni mwa reli hiyo kama shanga. Mwaka 1913, mkesha wa Vita Kuu, koloni la Wajerumani lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge.

Hapa naomba ukae nami kidogo, maana swali lako la watu kutolewa mbali linajibiwa na jani lenyewe.

Jani la mkonge ni maji na nyama, singa ndani yake ni kama sehemu 4 tu kwa 100. Yaani katika tani moja ya majani unapata kilo 40 hivi za uzi, na mara nyingi chini ya hapo. Zilizobaki ni takataka ya kijani inayonuka. Aliyekaa karibu na kiwanda harufu hiyo hamtoki puani mpaka anakufa. Jani likishakatwa halisubiri. Likikaa siku mbili tatu linakauka, singa inashika nyama na kubadilika rangi. Kwa hiyo lazima lifike haraka kwenye mashine ya kukamua, ile tunayoiita korona, jina lililotoka kwa Wajerumani walioiunda, miaka mingi kabla ulimwengu haujasikia habari za ugonjwa. Korona ni dude kubwa. Inataka injini, inataka maji mengi ya kuoshea, inataka majani mfululizo asubuhi hadi jioni. Mkulima wa jembe la mkono mwenye ekari tatu hawezi kuilisha. Ndiyo maana mkonge ulikuja na umbo lake: shamba la maelfu ya ekari, kiwanda katikati karibu na mto, reli nyembamba za kubebea majani, bwana mmoja na watu elfu. Wasukuma katika miaka ya 1950, bei ilipopanda, walipata fedha kwa kukwangua mikonge waliyoipanda kama ua kuzunguka mashamba yao, lakini hao walikuwa pembeni ya biashara.

Basi ardhi ilipatikana, mvua ilitosha, mashine ziliagizwa. Kilichokosekana tangu siku ya kwanza ni watu. Na mimi ukiniuliza historia ya mkonge Tanga kwa neno moja, sitakwambia singa, nitakwambia kutafuta watu.

Wenyeji hawakutaka. Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na wakagundua mapema kwamba kuwauzia wafanyakazi wa mkonge mahindi na muhogo kunalipa kuliko kuukata mkonge wenyewe. Wajerumani wakatafuta njia. Kodi ya kibanda ilikuwepo tayari, na kodi haikubali kulipwa kwa maneno. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ukaletwa mpango wa kadi: kila mwanamume mzima alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Asiyejaza kadi yake alikamatiwa kazi za serikali. Shikilia habari ya kadi hiyo, nitairudia.

Kadi za Lushoto hazikutosha, wakawafuata watu wa mbali. Wanyamwezi na Wasukuma walikuja wenyewe, wazoefu wa safari tangu enzi za misafara. Kutoka kusini walikuja Wangoni, Wabena, Wandendeule, na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Kutoka magharibi walikuja Waha na Warundi. Kwenu Songea kisa kina uchungu wake. Vita vya Maji Maji viliacha Ungoni imechomwa maghala, wakuu wake wamenyongwa mwaka 1906, na kodi iko palepale. Baadaye Waingereza walipochukua nchi waliziacha sehemu kama Songea na Kigoma zibaki mbali na reli na mbali na soko, na sina budi kusema halikuwa sahau tupu. Wilaya yenye kahawa au pamba ya kutosha haitoi manamba, yaani vibarua wa mkataba. Tumbaku ilianza kusaidia Songea miaka ya 1930, lakini haikuwafikia wote.

Na hilo neno, manamba, ni namba tu. Mtu alipoandikishwa alipewa namba, na namba ikawa jina. Wenye mashamba waliunda chama chao mwaka 1930, na mwaka 1944 wakaunda ofisi ya kuajiri iliyojulikana nchi nzima kwa jina la SILABU. Kabla ya hapo wengi walikwenda kwa miguu, wiki kadhaa njiani, wengine hawakufika. SILABU ilileta malori, kambi za kulala na chakula cha njiani. Babu yako, kwa miaka unayoitaja, kuna uwezekano mkubwa alisafiri kwa malori hayo, na kama alikuwa msimuliaji lazima aliwahi kulitaja jina hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkataji aliamka gizani, kwa sababu kazi ilikuwa ya kupimiwa na jua halikuwa rafiki. Anaingia kati ya mistari, anainama, anakata majani ya chini akiacha yale ya juu yaendelee kulisha mmea. Anakata na mwiba wa nchani, mwiba ambao umepofua macho ya watu wengi. Anafunga majani 30 tita moja, anayapanga kando ya reli. Maji ya mkonge yanawasha ngozi. Tita hazikufika idadi, nyapara haweki alama, na siku hiyo kwa hesabu za ofisi hukufanya kazi hata kama ulikata mpaka saa nane. Kiwandani wengine walilisha korona, wengine walianika singa kwenye waya, hapo ndipo shamba lilipokuwa zuri kutazama, ekari nzima ya nywele nyeupe zinapepea. Waliosugua singa kavu kwa mashine ya brashi walikuwa ndani ya vumbi, na kikohozi cha brashi kilijulikana. Mwisho singa zilibanwa robota, zikapakiwa kwenda bandarini Tanga.

Nani alizihitaji hivyo? Si manahodha tena. Mteja mkubwa alikuwa mkulima wa ngano wa Marekani na Kanada. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa na mashine ya kuvuna inayofunga miganda yenyewe kwa kamba nyembamba, na kila mwaka alimaliza kamba hiyo kwa maelfu ya tani. Baadaye mashine ya kufunga majani makavu ya ng'ombe ikaendelea kuila. Yaani jasho la Mngoni pale Korogwe liliishia kufunga nyasi za ng'ombe wa Kansas, zikalishwa, kamba ikatupwa.

Hapa mwanao na kamusi yake watapata kitu cha kucheka tena. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino na Java, na uzi wa Manila na mkonge wa Java ukapotea sokoni ndani ya miezi michache. Marekani, ambayo mwaka 1937 ilikuwa imeibana bangi kwa sheria ya kodi, ikageuka na kuwahimiza wakulima wake wa Kentucky na Wisconsin waipande kwa ajili ya kamba za manowari. Na Tanganyika ikaambiwa itoe mkonge kwa nguvu zote, watu wakakamatwa kwa sheria ya vita wakapelekwa mashambani. Katani ya kweli na katani ya Tanga, zilikutana kwenye vita moja bila kujuana.

Baada ya vita ikawa neema, kwa wenye mashamba. Nao walikuwa mchanganyiko: Waingereza, Wagiriki, Waswisi, Wahindi kama ukoo wa Karimjee, na jina kubwa kuliko yote Sir Eldred Hitchcock. Mali za Wajerumani zilikwisha kunadiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Vita vya Korea vilirusha bei juu sana mwaka 1951, hapohapo babu yako alipokuwa akiingia au akikaribia kuingia Tanga. Mkonge ukawa ndio uti wa mgongo wa biashara ya nje ya Tanganyika, na watu zaidi ya laki moja waliajiriwa humo. Ujira haukupanda kama bei. Mwaka 1957 wafanyakazi wakaunda chama chao, na mwaka uliofuata ukatokea mgomo mrefu wa Mazinde, ambao wazee wa Mombo bado wanausimulia. Victor Mkello, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, hakupendwa na wakoloni, na haikupita miaka mingi hakupendwa na serikali yetu pia: Januari 1963 alipelekwa kwa amri kukaa Sumbawanga.

Sasa tufike kwa Mwalimu. Nimesikia pande zote mbili kwa muda mrefu, na zote mbili huanza hesabu mwaka usiofaa.

Mwaka wa kilele ni 1964. Tulizalisha zaidi ya tani 230,000, hakuna nchi iliyotufikia. Mwaka huohuo bei ikaanza kuporomoka, na kufikia 1967 ilikuwa imebaki karibu nusu. Sababu haikuwa Azimio la Arusha, ilikuwa plastiki. Kamba ya plastiki ilikuwa nyepesi, haiozi, na ilitengenezwa palepale Ulaya na Marekani. Brazil nayo ilikuwa inamwaga mkonge wa bei ya chini sokoni. Mwalimu mwenyewe alipenda kupima dunia kwa kipimo hicho: alisema mwaka 1965 trekta moja ilinunuliwa kwa tani 17 na robo za mkonge, na miaka saba baadaye zilihitajika zaidi ya mara mbili yake. Kwa hiyo serikali ilipotaifisha mashamba mengi makubwa baada ya Azimio la 1967, ilichukua ng'ombe ambaye maziwa yalikwisha pungua, na wenyewe walilipwa fidia.

Lakini wanaomtetea wasimalizie hapo, kwa sababu jani lina ushahidi wa pili. Mkonge unachukua miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, unakatwa miaka saba au zaidi, kisha unatoa mlingoti na kufa. Ukiacha kupanda leo, mwaka huu huoni kitu. Mwakani huoni kitu. Takwimu zinaendelea kupendeza, unapongezwa kwenye mikutano, na mikonge iliyopandwa na mwingine ndiyo inayokubeba. Mwaka 1970 bado tulikuwa na karibu tani 200,000, na kwa sehemu kubwa ilikuwa mikonge ya zamani ikimalizia uhai. Kupanda kulisinyaa tangu bei ilipoanguka, chini ya wenye mashamba binafsi walioona dalili na kuacha kutia fedha, kisha chini ya shirika la umma lililokuwa na mashamba mengi, vipuri vichache na mameneja waliohamishwa kila mara. Halafu ikaja bahati ambayo watu wameisahau: mafuta yalipopanda baada ya 1973, plastiki ikawa ghali, na mwaka 1974 bei ya mkonge ikaruka. Tungekuwa tumepanda mwaka 1969 na 1970 tungevuna fedha. Hatukuwa na mikonge ya kutosha shambani. Kwangu mimi hapo ndipo mkonge ulipokufa, kwenye kitalu kisichopandwa. Kufikia 1980 tulikuwa chini ya tani 90,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kama tani 20,000, sawa na Wajerumani mwaka 1913.

Na watu je? Walikwisha kuondoka kabla. Ujira wa kisheria ulipopandishwa baada ya Uhuru, wenye mashamba walipunguza wafanyakazi na kuongeza kipimo cha kazi. Uajiri wa manamba ukafa, na hakuna aliyeulilia. Mtu wa Songea akawa na tumbaku yake, na kijiji chake, na sababu ya kubaki. Jambo lililowashinda wakoloni kwa kodi, kadi na malori, yaani kumfanya mtu apende kukata mkonge, shirika la umma lingelimudu vipi bila vyote hivyo?

Kuhusu leo nitasema kwa ufupi, maana hukuniuliza sana. Mashamba yalirudishwa kwa watu binafsi tangu 1998. Pale Hale na mashamba jirani ukaanzishwa mpango wa kuwagawia wakulima wadogo vipande vya shamba wakitumia korona ya pamoja. Hilo lingemshangaza Hindorf. Hale hiyohiyo walijenga mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kwa ile takataka inayonuka. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanza mwaka 1934, kinaendelea, na mkonge chotara namba 11648 uliozaliwa kwenye utafiti wa Amani na Mlingano, wenye majani mara mbili na zaidi ya ule wa kale, umeenea hadi China. Tumepanda tena kiasi, tunashika nafasi ya pili nyuma ya Brazil, na singa sasa zinakwenda kwenye mazulia, kwenye urembo wa jasi wa madari ya Waarabu, na kwenye vibao vya kurushia vishale katika baa za Uingereza. Lengo la serikali la tani 120,000 ifikapo 2025 lilikuwa refu kuliko mlingoti.

Nirudi kwenye sanduku.

Kadi mliyoikuta ni kipande, mtoto wa ile kadi ya Lushoto ya 1907. Waingereza waliurithi mtindo huo wa kadi ya siku 30. Vyumba 30 ni siku 30 za kazi. Kila siku uliyomaliza kipimo, nyapara au karani alitia alama chumba kimoja. Hukutimiza, chumba kikabaki kitupu. Kwa hiyo kipande cha siku 30 kilichukua wiki sita au zaidi, na mkataba wa manamba ulihesabiwa kwa vipande, si kwa miezi ya kalenda. Ndiyo maana wazee husema "nilikaa Tanga vipande kadha", na wajukuu hudhani wanazungumzia viwanja.

Sikiliza sasa. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa. Mtu alikipeleka ofisini, akahesabiwa fedha yake, kadi ikabaki ofisini, akapewa nyingine nyeupe. Kadi zilizojaa hazikurudi kambini, sembuse Songea. Iliyosafiri mpaka kwenye sanduku la babu yako ni ile ambayo haikukabidhiwa. Kwa desturi ya kipande, siku 19 hizo hakuzilipwa. Aliugua, au alisikia msiba nyumbani, au siku ya ishirini aliamka gizani, akaangalia ile mistari, akachukua njia ya kusini. Sijui ni ipi kati ya hizo, labda mama anajua na hajawahi kuulizwa.

Mwulizeni. Na geuzeni kadi, tazameni nyuma au pembeni karibu na jina. Panapaswa kuwa na namba. Hiyo ndiyo namba aliyoitwa.